Aliyenitangulia Kula

Shuleni, Bweni la Pili
5 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na ninakuandikia kwa sababu kwenye karatasi huwezi kuniona nikitazama chini. Sikutaka ufanyiwe ule upasuaji. Shangazi alidhani naogopa utakufa, ndiyo maana alinishika mkono muda wote tulipokaa kwenye benchi la hospitali. Kweli niliogopa hilo. Lakini nilikuwa na hofu nyingine ambayo niliona aibu kuisema: kwamba watalipunguza tumbo, halafu atarudi nyumbani mtu mwingine mwenye sauti yako.

Sababu nilizijua zote. Magoti, sukari, zile ngazi ulizopanda kwa kupumzika katikati. Daktari alipochora tumbo kwenye karatasi, akakata sehemu kubwa kwa kalamu na kubakiza kitu chembamba kama ndizi, nilielewa vizuri. Kuelewa hakukunisaidia.

Likizo nzima nilikutazama ukinywa supu iliyochujwa kwa kikombe cha kahawa. Funda moja, unangoja. Funda jingine, unangoja tena. Ulisema, "Tumbo hili jipya bado halijanizoea, lazima nibishe hodi kwanza." Nilicheka, kisha nikaenda kujifanya nasoma.

Sasa wewe umerudi kazini na mimi nimerudi shuleni, na huku simu ni marufuku. Niambie ukweli. Chakula kigumu kinapita? Unatafuna hadi kila tonge liwe laini kama alivyosema mshauri wa lishe? Tafadhali usiniandikie "sijambo" peke yake.

Mwanao,
Kurasa


Nyumbani
13 Februari

Kurasa wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mtu mwingine gani, wewe? Ningekuwa mtu mwingine ningekuwa nimeshaacha kugombana na shangazi yako kuhusu nywele za wateja wake kwenye sinki langu.

Kazini walinipokea kama bibi harusi. Wafanyakazi waliingia kantini na ovaroli zao zenye madoa ya kijani na njano, mmoja akapaza sauti, "Jamani, Mama Kijiko amerudi! Tumekombolewa!" Maana wiki zote nilipokuwa mgonjwa alipika msaidizi wangu, Haraka, na unajua mwenyewe, jina lake na mwendo wake havijawahi kukutana. Wanasema maharage yake yalikuwa na ladha ya kile wanachotengeneza kiwandani, yaani rangi ya ukuta.

Msimamizi alinijia akiwa amekunja mikono. "Mama, ukihitaji kupumzika, sema. Haraka anaweza kuendelea." Nikamjibu, "Baba, mwili ndio umepungua. Ulimi uko palepale." Akaondoka na sahani iliyojaa.

Ninakula vizuri. Nusu yai, samaki laini, mtindi kidogo. Lile gauni la bluu sasa linanizunguka kama pazia. Wewe soma, mengine niachie mimi.

Mama


Saluni
21 Februari

Mtoto wa kaka yangu,

Hujambo? Sina mwandiko mzuri na mteja yuko chini ya mashine ya kukausha nywele, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Mama yako haendi vizuri. Jumapili nilimsuka. Unanijua, mimi siogopi nywele. Lakini nilipopitisha kitana zilitoka kwa mafungu, nikazificha kwenye mfuko wa aproni asizione. Mshauri wa lishe alituonya kwamba nywele zinaweza kupukutika miezi ya kwanza, sawa. Lakini wifi yangu huyu pia midomo imekauka, macho yameingia ndani, na kila jioni anarudi na kibakuli chake cha chakula kikiwa kama alivyoondoka nacho. Yai limelala pale linanitazama.

Nikimuuliza anasema, "Nimeshiba, wifi." Umeshiba nini, hewa?

Na juzi ameanguka. Kwenye stoo ya kantini, kati ya magunia ya mchele. Bahati alianguka kwenye magunia. Haraka ndiye aliyenieleza, akanisihi nisimtaje. Na mimi nakusihi usinitaje.

Kurasa, nasema kitu kibaya sasa. Naona anajitazama sana kwenye kioo. Nadhani amenogewa na wembamba. Nadhani anaacha kula kwa makusudi. Wewe ndiye anayekusikiliza. Andika.

Shangazi yako, Msusi Mkuu


Shuleni
27 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimesoma kitabu cha maktaba kuhusu mwili. Kinasema mtu asipokula vya kujenga mwili, mwili hujila wenyewe, unaanza na misuli. Moyo pia ni msuli.

Kwa nini unatupa bure kila ulichovumilia? Kwa ajili ya gauni? Kama unataka kuwa mwembamba kiasi cha kuanguka kwenye magunia, basi hofu yangu ilikuwa ya kweli, na aliyerudi kutoka hospitali simjui.

Kurasa


Nyumbani
6 Machi

Kurasa,

Aliyekuambia habari za magunia namjua. Humu ndani kuna mdomo mmoja tu usio na kifuniko.

Barua yako imeniuma. Niliiweka chini ya kitambaa cha meza siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Sasa nitakuambia, kwa kuwa umekua kiasi cha kunigombeza.

Sitaki wembamba, mwanangu. Kioo natazama kwa sababu namtafuta yule niliyemzoea. Na silali njaa kwa makusudi. Ni kwamba chakula hakiingii. Wafanyakazi wakishakula wote, nakaa kwenye kreti yangu nyuma ya jiko, nafungua kibakuli, nakata kipande cha yai, natafuna kama nilivyofundishwa. Kipande cha pili tu, nimejaa hadi hapa kooni. Ni kama kuna mtu amenitangulia kula kwa tumbo langu. Hata maji hayana pa kupita. Siku nyingine moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, inabidi nishike meza.

Sijui nina nini. Na kwa mshauri wa lishe siendi. Najua atakachosema. Atasema jiko lina joto, kazi ni nzito, mama acha kupika. Msimamizi anangoja neno hilohilo. Nimepika tangu nikiwa na umri wako. Baba yako alipofariki, ni sufuria ndizo zilizokulea. Kunipunguza tumbo nilikubali. Kuniondoa jikoni hapana. Hapo ndipo kweli atakuja kukaa mtu mwingine humu ndani.

Usiniulize tena habari hii.

Mama


Shuleni
11 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo na unisamehe. Niliandika kwa hasira na nikaituma kabla haijapoa.

Sitakuuliza habari ile. Nataka kuuliza nyingine. Mimi nimeishi na wewe maisha yangu yote, na sijawahi kuiona siku yako moja ya kazi. Unaondoka nikiwa nimelala, unarudi unanuka vitunguu, basi. Niandikie siku moja nzima, kama vile mimi ni msaidizi mpya na unanifundisha kazi. Usiruke hata kitu kidogo. Nitakuwa nakusoma baada ya masomo ya jioni, badala ya kitabu.

Mwanao,
Kurasa


Nyumbani
20 Machi

Msaidizi mpya,

Kwanza, funga kitambaa kichwani. Pili, usiniamini mimi wala mizani, amini ulimi.

Tunaanza na majiko. Maharage yamelala kwenye maji tangu jana, nayamwaga, nayaosha, nayabandika. Haraka anamenya vitunguu huku akisimulia mpira wa jana, kwa hiyo kitunguu kimoja kinachukua kipindi chote cha kwanza. Maharage yakianza kuchemka natoa punje mbili tatu naziponda kwa ulimi. Bado. Baadaye tena, natoa nyingine. Zikipasuka bila kubishana, zimeiva.

Maji ya wali naonja kabla mchele haujaingia. Maji yenyewe yasipokuwa na chumvi sawasawa, mchele hauna wa kumlaumu. Mchuzi wa nyama naonja ukiwa vitunguu na mafuta tu, naonja nyanya zikishaingia, naonja nyama ikishatoa maji yake. Haraka ananiletea supu: "Mama, hebu." Naonja. Ametia chumvi mara mbili. Naongeza maji, naonja. Naongeza tangawizi, naonja. Maharage yakishaungwa, naonja kwa kijiko kile kinachokaa mfukoni mwa aproni, ndicho kilichonipa jina. Chai ya watu wa stoo ya kiwanda lazima iwe tamu, la sivyo wanagoma, kwa hiyo naonja sukari. Hapo ndipo mara nyingi jasho huanza kunitoka, joto la jiko hilo.

Kabla dirisha halijafunguliwa napita sufuria zote mara ya mwisho, moja moja. Hakuna sahani inayotoka kwangu bila mimi kujua ina nini. Kisha wanaingia, kelele tupu, "Mama Kijiko, niongezee!" Mpishi hukaa mwisho, watu wote wakishashiba. Mama yangu alinilea hivyo na mimi sijui namna nyingine. Ndipo nafungua kibakuli changu, na hapo unajua mwenyewe.

Umeajiriwa. Mshahara ni kuosha vyombo.

Mama


Shuleni
26 Machi

Mama,

Shikamoo. Aliyekutangulia kula nimempata. Ni Mama Kijiko.

Naomba usicheke, na usikasirike. Soma tena barua yako kama aliyeiandika ni mtu mwingine. Punje za maharage. Maji ya chumvi. Mchuzi, mchuzi, mchuzi. Supu, supu, supu. Chai. Halafu sufuria zote tena. Nilichukua kikombe cha chai cha bweni nikaanza kumimina maji kijiko kimoja kwa kila mara uliyosema umeonja. Kikombe kilijaa kabla sijafika kwenye dirisha. Rafiki yangu wa kitanda cha juu aliniuliza kama ninapika hewa.

Daktari alisema tumbo lililobaki ni dogo kama ndizi. Wewe unalijaza tangu asubuhi kwa mafuta, chumvi na sukari, halafu yai linafika na kukuta mlango umefungwa. Na maji nayo vilevile. Nadhani kizunguzungu kinatokana na kukosa maji, na jasho la chai sidhani ni joto la jiko. Ile karatasi ya maelekezo tuliyopewa hospitali ilisema vitu vitamu vinaweza kuufanya moyo uende mbio.

Hukudanganya uliposema hulali njaa kwa makusudi. Hukudanganya hata uliposema umeshiba. Kumbe zamani tumbo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kuonja hakukuwa kitu. Hakuna aliyekuambia kwamba sasa kuonja ni kula, kwa sababu hakuna aliyekuuliza unafanyaje kazi yako.

Mimi si daktari. Ninaweza kuwa nimekosea. Nenda kwa mshauri wa lishe umweleze hivyohivyo ulivyonieleza mimi, usiruke kitu. Sidhani atakuambia uache kupika. Nadhani hajui kama unaonja.

Mwanao,
Kurasa


Saluni
4 Aprili

Mtoto wa kaka yangu,

Naomba radhi kwa maneno ya kioo. Nimeshamwomba na mwenyewe. Alinijibu, "Wifi, wewe suka nywele, fikra waachie wenye nazo." Tumepatana.

Sasa sikiliza. Barua yako aliisoma mezani. Akaenda jikoni, akarudi. Akasema, "Mtoto huyu!" Akacheka mpaka akashika tumbo, akakumbuka mshono, akaacha. Kesho yake akaniamuru nifunge saluni nimsindikize.

Mshauri wa lishe ni msichana mdogo tu, ana miwani. Alisikiliza yote kuanzia maharage hadi chai, hakuandika chochote, mdomo wazi. Mwisho akasema, "Mama, nilikuuliza unakula nini. Kosa langu, sikukuuliza unapika nini." Wakampima damu. Imepungua kidogo, na maji mwilini yamepungua sana, akawekewa dripu palepale, akapewa na vidonge. Moyo mzima, magoti mazima. Kazi aendelee nayo! Ila ale kwanza kabla ya kuwasha jiko, chakula cha kujenga mwili ndicho kianze. Maji kidogo kidogo kati ya milo. Na kuonja, ama ateme, ama mtu mwingine aonje.

Hapo ndipo ukawa ugomvi. "Nimtemee nani? Watu wanangoja dirishani, mimi natema chakula chao? Hata paka hanifanyii hivyo." Basi amemweka Haraka aonje. Siku ya kwanza anamuuliza, "Ikoje?" Haraka anasema, "Nzuri." Mchuzi je? "Mzuri." Supu? "Nzuri." Watu wameirudisha supu, haina chumvi hata kidogo. Msimamizi amepita mara mbili akiwa amekunja mikono.

Ana hofu, Kurasa. Anakula vizuri sasa, nashuhudia, lakini anapika kama mtu aliyefungwa macho. Likizo fupi ikianza usiende kulala na vitabu. Nenda naye kazini.

Shangazi


Nyumbani
3 Mei

Kurasa wangu,

Natumaini ulifika salama. Nyumba imekuwa kimya, shangazi yako anazungumza na redio.

Nataka kukuandikia mambo ambayo sikuyasema ulipokuwa hapa, maana ukisifiwa unaingia chini ya meza. Asubuhi ile ya kwanza ulipokuja nami kantini nilikuona umesimama mbele ya sufuria ya mchuzi, aproni inakufika miguuni. Nikakuuliza ikoje, ukanong'ona. Nikasema, "Sauti! Majiko yanavuma." Haraka akasema, "Mwacheni mtoto, ameumbwa kwa ajili ya maktaba." Ndipo ukafumba macho ukasema kwa sauti, "Chumvi imefika, lakini imekaa juu, haijaingia ndani ya nyama. Tangawizi inakuja mwishoni, kama mtu aliyechelewa na anaomba radhi."

Na mimi, Kurasa, niliusikia mchuzi ule mdomoni mwangu. Nilijua la kufanya: moto mdogo, mfuniko, basi. Maisha yangu yote nilidhani ninapika kwa ulimi. Kumbe ulimi ulikuwa unaniletea habari tu, na habari hata mtu mwingine anaweza kuileta akijua kusema.

Ukamfundisha na Haraka. Siku ya kwanza alisema supu "ina huzuni," tukacheka hadi tukakaa chini, lakini alikuwa sahihi, ilikosa ndimu. Sasa hakuna wa kumnyamazisha. Jana alisema wali "umechoka lakini una adabu." Wafanyakazi hawajarudisha kitu. Msimamizi alipita, akaonja, akaikunjua mikono.

Na kila asubuhi, kabla ya kiberiti, nakaa. Yai zima sasa, taratibu. Siku za kwanza niliona aibu, mpishi anakula sufuria zote zikiwa tupu! Haraka anakaa mbele yangu akimenya vitunguu, ananiambia, "Kula, Mama, maharage hayana miguu." Siku ya Jumatano nilimaliza, nikabaki nimekaa, na nikagundua nina hamu ya kupika. Si wajibu, ni hamu. Nilikuwa nimeisahau.

Nywele bado zinatoka, ila kidogo. Shangazi yako anasema pembeni ameona vinyweleo vipya vimesimama kama askari. Siku nyingine nakula haraka na chakula kinanikwama, najilaumu, naanza upya kesho. Bado mimi ni mnene, mwanangu, ujue hivyo. Ninashuka polepole.

Kuna neno moja la mwisho. Siku ya wazazi mwezi huu nakuja. Najua kila mwaka nilikuambia kantini hainipi ruhusa. Ruhusa walikuwa wananipa. Ni vile viti vya ukumbi wenu, vyenye mikono ya chuma. Nilivikalia mara moja, siku tuliyokuleta kuanza shule. Ulikwenda kupanga foleni ya madaftari, mimi nikabaki nimebanwa, ikabidi mzazi mwingine anivute. Hukuona. Niliapa hutaona.

Sijui kama sasa vitanitosha. Lakini nakuja. Vikikataa, nitasimama nyuma.

Mama yako


Shuleni
9 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika leo wakati wa chakula cha mchana. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kama ulivyofanya wewe na ya kwangu.

Baada ya hapo nilikwenda ukumbini. Hakukuwa na mtu. Nilikaa kwenye viti vya mstari wa mbele, kimoja baada ya kingine, kuangalia kama kuna chenye mikono iliyolegea. Hakuna. Nikaenda kugonga ofisi ya mwalimu wa zamu. Sijawahi kugonga ofisi yoyote bila kuitwa. Alisema, "Ingia," nikaingia. Nikamwambia mama yangu anakuja siku ya wazazi na ninaomba benchi moja la bwalo lihamishiwe ukumbini, mstari wa mbele. Akaniuliza, "Kwa nini?" Nikasema kwa sauti ya jikoni, "Kwa sababu viti vyenu ni vyembamba, mwalimu." Kisha akasema huenda wazazi wengine nao wangependa, akaniuliza nadhani yanatosha mabenchi mangapi. Nikasema manne.

Rafiki yangu wa kitanda cha juu alishika upande mmoja, mimi nikashika mwingine. Tuliyabeba yote manne kabla ya kengele ya masomo ya jioni. Mabenchi ni mazito, tulipumzika njiani. Niliyafuta vumbi, nikayapanga mstari wa mbele, kisha nikakaa kwenye lile la katikati nikajaribu. Jukwaa linaonekana vizuri. Mnakaa wewe na Shangazi, na nafasi inabaki.

Mwanao,
Kurasa